Barua ya wazi kwa wakubwa wa Mwanza: anayejenga siye anayelipa luku

Shikamooni wakubwa wetu. Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, wakurugenzi wa Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela, watu wa Tanesco mkoa, Ewura Kanda ya Ziwa mnaopanga bei za umeme, na nyie wenye maghorofa na viwanda ambao kwenye vikao mnakaa viti vya mbele, mwangaluka wote. Mimi ni fundi friji tu, sio injinia, nina miaka kumi na saba napanda ngazi za watu hapa mjini, Igogo, Nyakato, Kirumba, Pasiansi, mkononi mtungi wa gesi na klampu mita ya kupimia umeme, na nimeona mengi juu ya mapaa na nyuma ya milango ya vyumba vya baridi ambayo nadhani nyie hamjayaona, maana mkija kiwandani mnavalishwa koti jeupe mnazungushwa pale panapong'aa afu mnarudishwa ofisini kunywa soda.

Nianze na mlango mmoja tuelewane. Kiwanda cha samaki, jina naliacha, bado natafutia riziki pale. Niliitwa saa nne asubuhi eti chumba hakishuki, kinatakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri kimegoma kwenye 11. Bosi alishautaja ugonjwa kabla sijatua begi, fundi gesi imeisha, jaza. Mi nikaenda kwanza mlangoni. Raba ya mlango upande wa chini imechanika karibu urefu wa mkono mzima, wameibana na kipande cha mpira wa baiskeli, ukiinama unasikia baridi inakupuliza miguuni kama feni, na pale nje kwenye sakafu pameota barafu ambayo vijana washaizoea wanairuka tu bila hata kuangalia. Afu mlango wenyewe umewekewa kreti usijifunge, kwa sababu kijana wa toroli anaingia na kutoka kila baada ya dakika mbili tatu, hawezi kila safari aachie toroli avute mlango mzito vile, na simlaumu hata kidogo, yeye analipwa kwa tani halipwi kwa uniti. Yale mapazia ya plastiki yaliyokuwa yananing'inia mlangoni walishayakata, walisema yanawapiga usoni. Ndani kule evaporeta, ile koili inayotoa baridi, imefunikwa na barafu nene mpaka feni zinakwangua, krr krr krr, hewa haipiti, koili imejifunika blanketi afu mnashangaa haitoi baridi. Na kompresa huko nje imekesha inaunguruma haijapumzika.

Gesi ilikuwa imejaa.

Nikamwambia bosi tubadilishe raba, turudishe mapazia, tuseti upya taima ya kuyeyusha barafu, tuoshe kondensa, ile koili ya nje inayotupa joto, maana nayo ilikuwa imeshika vumbi na mafuta, basi. Akanijibu bajeti ya matengenezo imeisha, andika tutaangalia mwakani, ila bili ya umeme hiyo ni lazima ilipwe haina mjadala. Nilikaa kwenye pikipiki nikacheka peke yangu. Yani hela ya kulipia baridi inayomwagika ipo, hela ya kuziba panapomwagika haipo. Anayelipa bili ni mhasibu, anayenunua raba ni mtu wa manunuzi, anayefungua mlango ni kibarua, na hao watatu sijawahi kuwaona wamekaa meza moja, labda kwenye msiba.

Na viwanda vya samaki vina jambo lingine ambalo mnalijua vizuri kuliko mimi ila sijui kama mmewahi kuliunganisha na umeme. Sangara wamepungua. Vile viwanda vilijengwa kipindi samaki wanaingia hadi usiku, vyumba vikubwa, makompresa makubwa, mashine za barafu kubwa, leo boti zinarudi na mzigo kidogo na chumba cha tani nyingi kina makreti yamejipanga pembeni kama wageni waliowahi harusi. Umeme lakini haujui kuwa samaki hawapo. Ukuta ni ule ule, dari ni ile ile, joto la nje linapenya vile vile, na kompresa kubwa ukiiendesha kwa mzigo mdogo haipunguzi umeme kwa kadri ulivyopunguza mzigo, inakula sehemu kubwa ya umeme wake wa kawaida afu kazi inafanya kidogo. Kwa hiyo kila kilo ya minofu inayotoka pale inabeba gharama ya nafasi tupu. Nimewahi kushauri sehemu moja wahamishie mzigo wote kwenye vyumba viwili vile vingine viwili vizimwe, ikachukua miezi minne kukubaliwa, sio kwa sababu ya ufundi, meneja aliogopa mnunuzi akija ataona vyumba vimezimwa atadhani kampuni inakufa.

Haya tuingie mjini, maana msije mkadhani nawasema watu wa samaki tu.

Siku hizi kila ghorofa jipya Mwanza linavaa vioo vya bluu. Juu mpaka chini. Sisemi ni baya kwa macho, linapendeza ukiliangalia kutoka Capri Point jioni jua likizama. Ila hilo jua linalozama ndo linaingia ofisini kwa watu. Sisi hapa tupo karibu kabisa na ikweta, jua linatoka mashariki linapita utosini linaangukia magharibi karibu mwaka mzima, kwa hiyo ukuta wa kaskazini na wa kusini ukiuwekea kibaraza kidogo tu umemaliza kazi, ukuta unaochomwa ni wa mashariki asubuhi na wa magharibi mchana. Sasa wewe unaweka kioo magharibi futi ishirini bila hata kofia ya dirisha, unategemea nini? Niliingia ofisi moja ghorofa ya nne saa tisa alasiri kuangalia kiyoyozi kinachovuja maji, nikakuta kimeseti nyuzi 16, dada wa mapokezi kajitanda mtandio juu ya sweta kwa baridi, mwenzie aliyekaa dirishani anajipepea na faili kwa joto, mapazia yamefungwa yote jua lisiingie, na kwa kuwa mapazia yamefungwa taa zote zinawaka. Mchana kweupe! Jua linaingizwa kwa kioo, linazuiwa kwa pazia, linafukuzwa kwa kiyoyozi, afu giza lililobaki linawashiwa taa. Na nje pale upepo wa ziwa unapiga vizuri kabisa ila hilo jengo halina dirisha hata moja linalofunguka.

(Kwa faida ya wote, kuseti 16 hakukifanyi kiyoyozi cha kawaida kipoze haraka zaidi ya 24. Kasi ni ile ile, tofauti ni kwamba ukiseti 16 hakitafika kamwe hivo hakitapumzika. Hili nimelisema mpaka nimechoka.)

Wahindi waliojenga zile nyumba za zamani katikati ya mji hawakuwa na kiyoyozi na walikaa. Kaangalieni, baraza pana mbele, dari iko juu, vitundu vya hewa juu ya kila mlango, ukuta mnene. Mwanza ipo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, usiku unahitaji shuka. Hatuko Dar sisi. Joto kubwa la maofisi yetu tunalijenga wenyewe kwa saruji na kioo.

Ila hapa ndo penyewe wakubwa, na ndo sababu nimeandika. Yule mwenye ghorofa sio mjinga. Yeye akijenga na vioo vya bei nafuu bila kibaraza ameokoa hela yake, bili atalipa mpangaji. Mpangaji naye hawezi kubomoa ukuta wa mtu, mkataba wake wa mwaka mmoja, ataweka paa jipya la nini. Fundi aliyefunga viyoyozi kafunga vya bei ya chini kwa sababu tenda kashinda kwa bei ya chini. Kila mtu kafanya hesabu yake na kila hesabu imetoka sawa, kasoro ile ya jumla. Kuna majengo ya maduka hapa mjini mita ni moja, mwenye jengo anagawa bili kwa ukubwa wa chumba, na nina mama mmoja rafiki yangu anauza vitenge, ana taa tatu na kifeni, jirani yake saluni ina madraya manne na pasi za nywele kutwa nzima, vyumba vyao vinalingana, wanalipa sawa. Huyo mama alinunua taa za LED kwa hela yake, bili haikushuka hata mia. Aliniuliza fundi sasa mimi nimefaidika nini, nikakosa jibu, nikamwambia nyumbani kwako walau zitakusaidia ukihama.

Mita ndogo ya kila chumba ni kitu cha kununua dukani, sio teknolojia ya kwenda mwezini.

Sasa hizi bili kubwa za viwandani, kuna kitu ndani yake wengi wanakilipia hawakijui. Ukiwa mteja mkubwa hulipii uniti peke yake, unalipia na kVA, yani ule ukubwa wa juu kabisa uliowahi kuuvuta mwezi huo. Kwenye bei zilizotangazwa na Ewura mwaka 2016 mteja wa T2, yani kundi la matumizi makubwa, uniti ilikuwa shilingi 195 na kila kVA moja shilingi 15,004 kwa mwezi. Nielezee kwa lugha ya mwaloni, kule soko la samaki. Ukipakia fuso magunia ya mchele na mwenzio akapakia magunia ya dagaa, dagaa ni wepesi lakini wanajaza gari, na mwenye fuso atakudai nafasi iliyojaa. kVA ndo nafasi kwenye fuso, kilowati ndo uzito wenyewe. Mota zikiwa nyingi, zimechoka, zimesukwa mara tatu kwa fundi wa uchochoroni, zinazunguka bila mzigo, unakuwa umepakia dagaa. Kiwanda kinachotumia kilowati 100 pawa fakta, yani kilowati ukigawa kwa kVA, ikiwa 0.7 kinavuta kVA 143 hivi, ukiweka kapasita, vile vifaa vya kurekebisha pawa fakta, ikapanda 0.95 kinavuta 105. Tofauti ni kama kVA 38, zidisha na hiyo 15,004 unapata zaidi ya laki tano na nusu kila mwezi, na hujazima hata taa moja. Kapasita zenyewe zinajilipa mapema tu afu zinaendelea kukaa ukutani kimya. Nimekuta viwanda kapasita zipo tangu kufungwa kwa mashine, ila zilishapasuka, na mlango wa boksi lake umefungwa na waya, hakuna anayekumbuka mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa lini.

Na kingine cha hiyo hiyo kVA. Umeme ukikatika saa tatu ukarudi saa sita, vyumba vyote vimeshapata joto, mtu wa zamu anawasha kila kitu kwa mpigo, makompresa yote yanaanza kukimbia kwa nguvu zote pamoja na yanakaa hivo masaa, basi kilele cha mwezi mzima kimeandikwa siku hiyo. Angepanga tu, chumba hiki kwanza, kile baada ya nusu saa, mashine ya barafu mwisho. Karatasi moja imebandikwa kwenye meni switchi ingetosha.

Feni na pampu nazo mnisikilize kidogo tu. Watu wanaziacha zinazunguka mwendo mmoja mwaka mzima afu wanabana maji kwa valvu, sawa na kukanyaga mafuta na breki pamoja. Feni ukiifungia inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota, ukaishusha mwendo ikawa asilimia 80 ya ule wa kwanza, umeme wake unashuka unakuwa karibu nusu. Karibu nusu, sikosei, ndo fizikia ya feni ilivyo, ukipunguza mwendo kidogo nguvu inaporomoka sana. Na upepo wa kompresa za hewa, zile pshhh mnazozisikia ukipita karakana ya watu Jumapili hakuna mtu ndani, ile sauti ni bili inaongea.

Najua kuna atakayesema fundi umechelewa, umeme sasa hivi upo, Bwawa la Nyerere kule Rufiji megawati 2,115, mgao wa mwishoni mwa 2023 umeshasahaulika tangu mtambo wa kwanza kuwashwa Februari 2024. Kweli kabisa, na nashukuru, mimi mgao uliniua biashara. Ila umeme kuwepo sio umeme kuwa bure. Bili ya yule wa samaki haikushuka kwa sababu Rufiji kumejaa maji. Halafu Rufiji na hapa kwetu ni mbali jamani, umeme unatembea nchi nzima mpaka kufika ziwani na njiani unapotea kiasi, na ukifika hapa unapita kwenye transfoma zile zile, na ikifika mchana wa Septemba viyoyozi vyote vya mjini vimewaka kule mwisho wa laini mtu wa welding anaona taa imekuwa ya njano. Uniti ambayo haikupotea Nyakato ni uniti ambayo haikuhitaji waya.

Mwingine ataniambia sola. Mi napenda sola, nafunga pia, ila kuweka sola juu ya kiwanda chenye mlango kama ule niliowaelezea ni kuteka maji kwa tenga. Ziba kwanza, utajikuta sola unayohitaji ni ndogo na hela imebaki.

Sasa ninachoomba. Ndugu zetu wa Kisumu, ziwa hili hili, kule Kenya waliweka kanuni mwaka 2012, kituo chochote kinachotumia kuanzia uniti 180,000 kwa mwaka kifanyiwe ukaguzi wa nishati angalau kila miaka mitatu, na sio ukaguzi wa kuweka kwenye droo, mwenye kituo alitakiwa kutekeleza mambo yatakayoleta walau nusu ya akiba iliyoonekana. Uniti 180,000 kwa mwaka ni 15,000 kwa mwezi, hapo mnawapata wa minofu, wa mafuta ya pamba, wa soda, hoteli kubwa na maduka makubwa, muuza mitumba hamumgusi. Sisemi Kenya kila kitu kinatekelezwa, tunawajua majirani zetu na wao wanatujua, ila walau pale mhasibu, mtu wa manunuzi na fundi kuna karatasi moja inayowalazimisha kuongea. Hapa kwetu mkaguzi anakuja kuangalia mtungi wa kuzimia moto, anakuja wa usafi, anakuja wa leseni, anakuja wa vipimo, wote hao wanapita mbele ya ule mlango ulioshikwa na kreti na hakuna hata mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza mbona umefunguliwa.

Jiji na Ilemela nyie kalamu mnayo, kibali cha ujenzi kinatoka kwenu. Mchoro ukiletwa mnauliza choo, mnauliza mita za kutoka barabarani, ulizeni na jua linaingilia wapi na dirisha lipi linafunguka. Ni swali la dakika tano ambalo jengo litakaa nalo miaka hamsini. Na jengo lenye wapangaji wengi lisipewe kibali bila kila chumba kuwa na mita yake. Tanesco nyie naomba siku moja tu mkae na mafundi na wahasibu wa viwanda, muwafungulie bili mbele yao mstari kwa mstari, hii kVA ni nini, hii pawa fakta inasomwa wapi. VETA wakiongeza somo la kupima, sio kufunga tu, mtaona vijana watakavyochangamkia, maana sasa hivi kijana akimaliza anajua kujaza gesi, hajui kujua kama gesi ndo tatizo.

Ila kabla ya yote hayo, na nasema kwa heshima zote, anzeni kwenu. Mkianza na kiwanda cha mtu atasema mnamuonea. Nilipita Jumapili moja kwenye ofisi ya umma, nayo siitaji, naenda zangu kanisani, viyoyozi vitatu nyuma ya jengo vinadondosha maji, vinanguruma, geti limefungwa, mlinzi kalala kwenye kiti. Nikamuuliza mzee humu kuna kikao? Akasema hapana mwanangu, hivyo huwa haviguswi, rimoti wanaijua wenyewe.

Basi mimi najitolea. Chagueni Jumamosi yoyote na jengo lenu lolote, mnipe funguo ya chumba cha meni switchi na huyo mwenye rimoti awepo, nakuja na klampu yangu na kijana wangu mmoja wa kuandika, tutazima kimoja kimoja kuanzia juu kushuka chini na kila tukizima tunaandika namba imeshuka ngapi. Sidai hela, chai tu na chapati. Ikifika saa saba mchana mtakuwa mnajua kila shilingi ya umeme wa jengo lile inaenda chumba gani, na mlinzi atakuwa ameamka.